Saa Njema ya Mjukuu wa Bibi Saiyut

"Jumatatu, saa tatu na dakika tisa," alisema Bibi Saiyut, akiigonga meza ya Daktari Orathai kwa mwavuli. "Isiwe nane, isiwe kumi. Mnajimu wa sokoni kaipigia hesabu mwenyewe."

"Na mapafu ya mtoto, bibi, nayo kayapigia hesabu?"

Lamduan, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya wiki thelathini na sita, alitazama sakafu. Hakuwa na sababu yoyote ya kupasuliwa, ila kwao msemaji ni mamamkwe.

"Usipompasua wewe, tunavuka mto. Hospitali ya ng'ambo haina maswali."

Mwaka mzima Orathai alikuwa akiliandikia gazeti la mkoa: mtoto asitolewe kabla ya wakati kwa sababu ya nyota. Barua zilitoka, chini ya tangazo la mbolea. Alasiri ile alimwendea mhariri Thawin, kumwomba ile mpya itoke Ijumaa.

"Itatoka," alisema Thawin, mdomo umejaa wali wa kunata. "Lakini dada, tusidanganyane. Barua zako tunazisoma mimi na wewe. Wengine husoma nyota, kisha wanafungia samaki."

Jumamosi Bibi Saiyut alirudi mbio, gazeti mkononi, Lamduan nyuma yake na ndoo ya samaki wa sokoni.

"Futa Jumatatu! Yule wa sokoni mpumbavu. Msikie Bibi Dao, mnajimu mpya wa gazetini: mwezi huu Rahu, yule zimwi mmeza jua, kaketi mlangoni. Mtoto atakayetolewa kwa kisu kabla chupa haijapasuka yenyewe, atakuja kuuza nyumba ya bibi yake!"

"Makubwa," alisema Orathai.

"Makubwa kweli! Na kliniki kila Jumatano, apimwe presha, mkono wa kushoto. Lamduan, twende. Hiyo ndoo iache, atabeba mumeo!"

Walipotoka, muuguzi Phikun alikuwa anachemka. "Daktari, huyo Bibi Dao anawaharibu watu akili! Mwandikie, umnyoe bila maji!"

"Namwandikia sasa hivi."

Akaandika barua kali: Rahu hajawahi kuonekana mlangoni pa mtu, na Bibi Dao hata sayari hawezi kuzihesabu. Akaitia sahihi, jina kamili na shahada zote, akampa Phikun aipeleke kwa Thawin.

Kisha akafunga mlango, akavuta karatasi nyingine, akauma kalamu: je, Ijumaa ijayo Zohali iwakasirikie wajawazito wanaokula chumvi nyingi, au waume zao wanaovuta sigara ndani?