Gaidi Mmoja

Igoki aliloweka kitambaa ambacho hakikuwa kichafu. Kilikuwa kitambaa chekundu, upana wa vidole vinne, ambacho kila gadi, yaani mlinzi wa serikali kijijini, alikifunga mkononi ili askari wa doria wasimdhanie mtu wa msituni. Alikitia majivu, akakisugua, akakiacha ndani ya beseni. Kisha akaenda zizini, akamfungulia mtamba mwenye baka jeupe wa Marete, akamswaga juu ya ubao mpaka ng'ambo ya handaki lililotenga kijiji na msitu.

Huko ng'ambo hakuruhusiwa mtu. Aliyeonekana bila kitambaa hakuulizwa jina.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Dharura, vita vya serikali ya kikoloni na waasi wa msituni, na wanawake wa Meru hawakuwa na la kusema. Waliwatekea gadi maji, wakawapikia, wakawafulia. Marete alikuwa mkuu wa gadi, na Igoki alikuwa akimfulia tangu kabla hajavaa kitambaa hicho. Alimfulia bila kinyongo mpaka mvua zilizopita.

Wakati huo mtamba alikuwa wa Mbaabu, kakake Igoki. Mtamba alivuka handaki, Mbaabu akamfuata na kamba mkononi, na Marete akampiga risasi ya mgongo. Ijumaa yake, Salesio karani alisoma gazeti la wilaya barazani: gaidi mmoja ameuawa. Katika gazeti hilo hakuna mchungaji aliyewahi kufa, wala baba wa watoto, wala mtoto wa mtu. Kila wiki walikufa magaidi tu.

Neno lenyewe halikuishia barazani. Mtamba akaenda kwa Marete. Nyumba ya Mbaabu ikachomwa, maana nyumba ya gaidi ilikuwa ya kuchomwa, na mama yao mzee hakuruhusiwa kutoa hata kigoda. Aliketi matopeni, mvua ikimnyea, na baridi ile ikamuua kabla mwezi haujaandama.

Igoki alimpigia Marete magoti, akamsihi amwambie Salesio neno lile lifutwe. Marete alikuwa akila.

"Gazeti likishasema gaidi, ni gaidi," alimjibu. "Serikali haisemi mara mbili."

Akamaliza kula, akanyoosha mikono anawishwe. Igoki akammiminia maji. Tangu siku hiyo alimchukia kwa moyo wake wote, na chuki yake haikuwa na haraka.

Sasa, saa nne asubuhi, Marete alisikia mtamba akilia ng'ambo.

"Mwanamke, kitambaa changu kiko wapi?"

"Kimeloa. Ngoja nikianike."

Marete akatazama msitu. Mtamba alikuwa akitokomea vichakani.

"Nani asiyenijua mimi?" akasema, akavuka ubao wa handaki.

Igoki alijua ni nani. Alfajiri alipopeleka maji kambini alikuta askari wageni, walioletwa jana yake kwa lori, wasiojua hata jina la kijiji. Angeweza kumwita Marete arudi. Alikuwa bado anamwona. Alikamua kitambaa, akakianika uani, akaanza kuchambua njahi, maharage yale meusi. Alikuwa amefika nusu ya ungo aliposikia mlio mmoja wa bunduki.

Afisa wa kambi alipoambiwa maiti ile ni ya nani, aliamuru jina lisiandikwe. Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba askari wake wamempiga mtu wao wenyewe. Ijumaa Salesio akasimama barazani, akasoma kwamba gaidi mmoja ameuawa ng'ambo ya handaki. Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyecheka, ingawa wengi walitamani.

Jioni gadi wakaja na mienge kuchoma nyumba ya Marete, Salesio akiwa mbele yao. Wakasita mlangoni, maana ndani hamkuwa na kitu. Vyungu, kinu, ungo na kitanda vilikuwa vimepangwa uani tangu asubuhi, kabla gazeti halijasomwa, na katikati yake Igoki amekalia kigoda.

"Mke wa gaidi ni mimi," akawaambia. "Chomeni."