Mikono Iliyofaulu

Siku hizi bomba la maji ya moto halikufungukii mpaka mkono wako ufaulu kipimo cha mishipa midogo ya fahamu. Vidole vyangu vilishakufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari, lakini mwanangu Sikudhani alikuwa amejifungua, na nani mwingine angemkanda?

Nesi aliniweka kidole kwenye kisahani cha chuma. "Sema bibi, moto au baridi?"

Sikuhisi kitu. Nilisikiliza mashine tu: ikipasha inakoroma, ikipoza inanyamaza. Nikapata yote.

"Bibi una vidole vya mwari wewe," nesi akacheka, akanipa cheti.

Nyumbani bomba likanitii. Nikachovya taulo, nikamkanda mwanangu mgongo. Akang'ata khanga.

"Maji yakoje, mwanangu?"

"Yako sawa, mama."

Nikamwamini, nikaongeza ya moto. Nilipoinua taulo, ngozi ikaja nayo.

Mwenyewe nilimfundisha, tangu uzazi wake wa kwanza, kwamba mzazi halalamikii maji.

Sasa amelazwa, na kichanga kinataka kuogeshwa. Humu ndani mwenye cheti ni mimi peke yangu. Nikiligusa bomba, linafunguka.