Michembe ya Sebuleni

Njia nzima kutoka Ipuli nilikuwa napanga maneno ya kumpa pole mama. Nilipofungua mlango wake pale Isevya, yote yaliniishia mdomoni.

Upepo wa jana ulikuwa umeng'oa paa lote la nyumba. Jua lilijaa sebuleni. Sakafuni, kwenye makochi, hadi juu ya kabati la vyombo, mama alikuwa ameanika michembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, na ufunge mlango upesi."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakata viazi vitamu vipande vyembamba. Dirishani, mbuzi wa jirani alikuwa amepenyeza pua katikati ya nondo, anamtazama kwa huzuni.

"Mwaka jana alinimalizia yote pale uani," mama alisema. "Leo na aangalie tu."

Nikamwambia fundi Majidi yuko nje na mabati mapya, anataka kuanza kazi.

Mama akaokota kipande, akakikunja taratibu. Kilipinda, hakikuvunjika.

"Bado haijakauka. Mwambie aje wiki ijayo."

"Basi tuezeke japo kile chumba changu cha zamani, mama, upate pa kulala."

"Mimi nalala kwenye jiko la nje, kuna joto zuri." Akachukua kiazi kingine. "Chumba chako nimempa mwenye huyo mbuzi aanike ya kwake. Maskini, paa lake halikung'oka."