Mkono wa Refa

Skrini mpya ya uwanja wa chuo iliwashwa Jumamosi ile, lakini Mzee Makungu alikuja na ngazi yake vilevile. Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa akitundika namba za mabao kwenye ubao wa zamani. Bao likiingia, refa hungoja namba itundikwe, amnyooshee mkono, ndipo mpira uanze upya.

"Mzee wangu, kapumzike," fundi wa skrini alimwambia. "Hii inajibadilisha yenyewe."

"Na refa je? Atamnyooshea nani mkono?"

Fundi akacheka. "Labda mimi!"

Chuo kikafunga bao. Uwanja mzima ukanyanyuka, sura ya mfungaji ikajaa kwenye skrini. Mzee Makungu akasema bismillahi, akachukua kibao cha moja, akapanda. Alikuwa kwenye kipandio cha tatu filimbi ilipolia na mpira ukaanza.

"Shuka, baba, utaanguka bure!" fundi alimpigia kelele.

Hakushuka. Alipanda mpaka juu, akatundika namba yake, akaifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akageuka na kusimama palepale, macho yake kwenye mgongo wa refa uliokuwa ukizidi kwenda mbali.