Udongo wa Malkia

Na pamba nayo imekataliwa. Bujiku aliitoa kwenye beseni, akaitupa uani, kulikolala vyote vilivyokataliwa kabla yake: mchanga wa mtoni, maranda ya seremala, pumba za mpunga.

"Mjusi gani anachagua kama bibi harusi?" Enock, jirani yake wa chumba, alimcheka akiwa mlangoni.

"Usinichoshe. Asipopata pa kutagia, mayai yatamkwama afe."

Roho ya Bujiku ilikuwa hapo. Malkia na mumewe Kidume aliwaokota machimboni Bugarama wakiwa wadogo kama misumari, akawalea mwenyewe. Sasa Malkia kavimba kama kibuyu, kalala tu, kazi yake kumeza kumbikumbi. Kidume ndiye hatulii, kutwa anakwaruza kona.

"Mpe mchanga wa marudio kule karashani, ule uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu. Laini ule," Enock akasema.

"Wenye zebaki? Unataka wajukuu wangu wazaliwe na meno ya dhahabu?"

Bujiku akamfuata mama mwenye nyumba, Mama Rebeka, aliyezalisha nusu ya mtaa.

"Shikamoo, mayu. Mzazi wangu kagoma."

"Marahaba." Mama akaja, akainamia beseni, akaguna. "Mlowekee udongo wa kichuguu. Ila kosa si udongo. Kosa huyu hapa!" Kidole kikamwangukia Kidume. "Tangu lini mke akajifungua mume anamkodolea macho? Mwanaume anasubiri nje!"

Kweli bwana. Malkia akatandikiwa kichuguu kibichi, laini kama godoro la mgeni. Kidume akatupwa kwenye ndoo tupu. Bujiku akamwonea huruma, akamrushia soksi yake ya kazini, mbichi kwa jasho, ajifunike.

Asubuhi akafunua beseni, Enock kamning'inia begani. Malkia kapungua! Tumbo limekwisha!

"Nimeitwa babu!" Bujiku akaruka, akaanza kupekua udongo taratibu kwa kijiko. Akapekua wote. Hakuna yai. Kulikuwa na mavi tu, lundo la maana.

"Hongera, babu," Enock akasema, kashika mbavu.

Bujiku akaburuza miguu hadi kwenye ndoo, angalau ampe mume pole. Akafunua soksi.

Kidume alikuwa kajilaza hoi, pembeni ya mayai yake mawili.