Punda na Foleni ya Kobe

Siku Punda alipotua madumu ya mwisho ya maji na kustaafu, mgongo ulikuwa ukimuuma vibaya. Achague bima ipi ya matibabu? Ya Mfalme ilikuwa na foleni ndefu kwa mganga Kobe. Ya Tausi haikuwa na foleni.

"Kwetu tunatibu yote, mzee wangu," Tausi alijinadi, "isipokuwa mgongo, magoti na meno."

"Sasa mimi nimebakiwa na nini kingine, mwanangu?" Punda akacheka, akaenda kwa Kobe.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Bi Nyumbu, aliyebeba naye maji miaka yote. Wakakunana migongo kwa meno kama zamani, huku wakipiga umbea.

Zamu ikafika. "Unaumwa wapi, babu?" Kobe aliuliza.

Punda akafikiri weee. "Nimesahau, mganga. Turudishe mwisho wa foleni. Bi Nyumbu hajamaliza kunisimulia."