Dumu la Njano

Theluji ilikuwa imefunika ziwa lililoganda, hata barafu nene na nyembamba zikawa hazitofautiki. Shemsa alichutama nyuma ya pikipiki ya mumewe, Nyange, akaifungia kamba yenye dumu tupu la njano. Wote waliovuka waliburuta dumu. Pikipiki ikizama, lenyewe huelea na kuonyesha pa kumwopoa mtu.

"Usinichurie, mke wangu," Nyange alisema. Akaikata kamba kwa kisu, akamrudishia dumu. "Nikirudi nitalijaza maji mwenyewe."

Akaondoka, misumari ya matairi ikirusha chenga nyeupe, mpaka akapotea. Shemsa alisikiliza mlio wa injini. Ukafifia, kisha ukakatika ghafla.

Alikimbia akifuata alama za matairi, dumu likimgonga mguuni, na upepo ukizifukia alama hizo mbele ya macho yake.